Kilegesambwa

Msimu ulikuwa umekolea. Tandahimba nzima
ilinuka jute na mabibo yaliyochacha.
Huku ghala la chama, huku tela la lori,
katikati ubao mmoja wa mninga
umeinama kama paa la kibanda.
Gunia begani, kilo themanini:
kupanda, kutua, kushuka.
Watu hudhani kupanda ndiko kunakoua.
Mimi kushuka ndiko kulikonila.

Mwanzoni palikuwa pachokozi tu.
Asubuhi panachoma, gunia la tano pananyamaza,
usiku, nikinyoosha mguu nje ya neti,
panauliza tena.
Likulunga akasema ni baridi.
Mama mkwe akasema ni yule jamaa wa Mahuta
niliyemshinda kazi ya kupakia.
Nikachanjwa chale saba. Zikapona zote saba.
Goti halikuambiwa.

Ikafika mahali nachuchumaa chooni
nimeshika mlango kwa mikono miwili,
na kuinuka ni dua.

Hospitali ya wilaya, chumba cha mwisho, kupita maabara.
Somoe Nantanda, binti wa juzi, viatu vya raba,
hakuandika kitu.
"Nioneshe panapouma. Kwa kidole kimoja."
Nikalishika goti zima kama mtu anayechagua nazi.
"Kidole kimoja, baba."
Kikatua chini ya kile kifuniko
ambacho miaka arobaini nakitembeza bila kukijua jina.
Kilegesambwa, akasema,
na akabonyeza pale chini yake, kamba inaposhika mfupa.
Nikamtaja marehemu bibi yangu.
"Basi ndipo. Kano."

Akalikunja, akalikunjua. Halikwami. Halijajaa maji.
"Lingevimba lote, likawa la moto, nawe una homa,
ningekuambia mengine, tena haraka.
Hii ni kano iliyobebeshwa
kuliko ilivyopumzishwa."

Nilingoja sindano. Akanipa kazi.

Barafu dakika kumi, ndani ya kitambaa, isiguse ngozi;
haiponyi, akasema, inabembeleza.
Nilinunua kwa Bi Tukae, ile ya ukwaju, ya mfuko mrefu.
Wanangu walikaa mkekani wakingoja goti lishibe
wanyonye iliyobaki.

Kisha ukuta. Mgongo umeegemea, magoti nusu njia,
kama mtu aliyeondolewa kiti asijue.
Hesabu hadi arobaini na tano. Pumzika. Rudia.
Mapaja yalitetemeka kama mashine ya kusaga.

Wiki ya tatu akasema:
"Sasa tafuta ubao ulioinama."
Nilicheka peke yangu hadi stendi.

Likulunga alinikatia kipande cha ule ule wa mninga,
ncha iliyopasuka.
Nikakiegemeza uani juu ya tofali.
Visigino juu, vidole chini,
nashuka, moja, mbili, tatu, nne,
kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia begani.
Pakiuma kidogo, ruhusa;
mradi asubuhi yake pasiamke na deni.

Wiki kumi na mbili, alisema. Nisijisifu.
Wiki ya tano nilirudi ghalani kwa ujeuri,
magunia kumi na mawili tu,
na jioni ile nikaanza upya, ukutani.

Sasa ni miezi ya salfa. Mikorosho imevaa vumbi la njano,
ghala tupu, panya wanapiga hodi.
Nachuchumaa. Nainuka. Mlango nimeuachia.
Msimu ukifunguka nitabeba nusu ya nilivyobeba,
na chama nimekiambia: ongezeni ubao, uwe mrefu,
mteremko upungue. Wameandika kwenye daftari.
Tutaona.

Likulunga ananiita bosi.
Ijumaa nilimwona akishuka ngazi za msikiti
ubavu ubavu, kama kaa.
Sikumwuliza.
Nilivuka barabara kwa Bi Tukae
nikanunua mbili za ukwaju.